Mbegu Iliyonukia Kivumbasi

Wenzangu mliokulia Hanang enzi za mashamba ya ngano ya serikali, pua zenu zinakumbuka nini? Najua mtataja dizeli ya kombaini, na makapi yaliyotuwasha shingoni tulipokuwa tukiokota masuke nyuma ya mashine. Mimi naanza na kivumbasi. Hadi leo nikilifikicha jani lile kidogo tu, narudi Gendabi peku, magoti yamejaa vumbi, nacheka bila sababu.

Kwetu mahindi yakishavunwa, watoto tulitumwa kukata kivumbasi, na ilikuwa sikukuu! Tulirudi na matita kichwani, tumechapana matawi njia nzima, nguo zetu zinanukia hata kanisani. Mama aliyatandaza majani kivulini, ndani ya nyumba, hadi yakauke polepole. Kisha tuliyatwanga kwenye kinu huku tukipiga chafya kwa zamu, naye akayachanganya na mbegu ya mahindi katika mtungi mkubwa. Fukusi, wale wadudu wanaotoboa punje, hawakuisogelea harufu ile. Kijana wa leo ananunua kidonge dukani, anakitumbukiza kwenye gunia, anarudi kwenye simu yake. Hajapiga chafya hata moja, maskini.

Sasa kuna mwaka ambao mtungi ule ulitutoa jasho. Jirani yetu Mama Gidamis alitoka familia ya wafugaji, na malisho yao ya bondeni yalikuwa yamelimwa ngano ya serikali. Ng'ombe wakapungua. Akaamua, kwa mara ya kwanza maishani, kulima mahindi, na mbegu hakuwa nayo. Mama akamwahidi nusu ya mtungi wetu. Tulikunywa maziwa ya vibuyu vyake tangu tukiwa wachanga, kwa hiyo ahadi ile haikuwa ya mchezo. Fukusi wakiingia mtungini, nyumba mbili zingekosa cha kupanda.

Baba aliendesha kombaini, na kwake kila kitu kilipimwa kwa ngano. Jumapili moja Mama alikwenda Balangdalalu kumwona mgonjwa. Baba akataka kumsaidia. Akayatoa majani yote yaliyokuwa yametandazwa kivulini, akayaanika juani kwenye turubai, akawa anayageuza kwa uma kama nafaka, anapiga mluzi, anajisifu kwamba yatakauka kabla ya jioni. Na kweli yalikauka kau!

Mama aliporudi alichukua majani machache, akayafikicha, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaketi chini na kitenge chake cha safari.

"Baba Paskalina," alisema, akimwita kwa jina langu mimi kifungua mimba, "dawa yake ni hiyo harufu. Jua limeichukua yote. Umeniachia takataka."

Baba alijaribu kueleza jinsi ngano inavyoanikwa. Roho ilituuma. Ilikuwa kiangazi, kivumbasi cha kando ya mashamba kilikuwa kimebaki vijiti, na katika mahindi ya chakula fukusi walishaanza kutambaa.

Asubuhi Mama Gidamis alileta maziwa, tukamwamkia, akaona nyuso zetu. Mama akamweleza yote bila kumficha. Nilitegemea atakasirika. Yeye aliweka kibuyu chini tu.

"Kule korongoni tunakonywesha bado liko, bichi kabisa," alisema. "Ng'ombe hawaligusi hilo jani. Nipe watoto twende."

Tulikimbia, jamani! Watoto wa nyumba mbili, tunateleza kwenye kingo za korongo, tunashindana nani atajaza kanga kwanza, Mama Gidamis akitangulia na fimbo kama anaswaga ndama. Tita kubwa kuliko yote alilibeba Baba mwenyewe, na ovaroli lake la kazini. Wenzake wa kombaini walimcheka barabara nzima. Majani yale yalikaukia kivulini, na Baba aliyachungulia kutwa bila kuyagusa.

Mvua zilipokaribia tuliuzunguka mtungi. Mama alikataa kuufungua, akasema mwenye mbegu aingize mkono kwanza. Mama Gidamis akachota, akafungua kiganja mwangani. Punje nzima! Hakuna tundu! Akanusa, akacheka hadi machozi, na sisi tukaruka hadi tukaangusha kinu. Alipovuna, alituletea kibuyu kilekile cha maziwa, safari hiyo kimejaa mahindi.

Kombaini zile sizioni tena. Mwaka huu nilimwonyesha mjukuu wangu mbegu yangu inayonukia kivumbasi, akaziba pua, akaniuliza bibi, hii imeoza? Nikacheka. Vidonge vyao vinaua fukusi, sikatai. Ila kila mtu anatia chake, anafunga mlango, na siku kitu kikiharibika kwangu, sioni jirani atakayeweka kibuyu chini aseme, nipe watoto twende.