Mama Kimya na Wavu wa Kaka Yake

Usidanganywe na jina. Nyumbani kwake Mama Kimya ana mdomo kama spika ya mnadani, mumewe alishasalimu amri zamani. Jina hilo alipewa na wageni anaowaongoza kwa kayaki kutazama ndege kwenye vinamasi vya mikoko, maana kabla hawajagusa maji huwapa sheria mbili tu. "Nikisimamisha kafi juu, kuna ndege adimu. Kimya, mtu asitikisike. Nikipuliza filimbi ni hatari, njooni mbio." Miaka tisa, hajawahi kuipuliza.

Hatari yenyewe aliijua kwa sura. Ilikuwa kaka yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamlisha nyama ya ndege hao hao aliowanasa kwa nyavu. Nyavu hizo Mama Kimya alikuwa ameshazikata mara mbili. Mara ya pili kaka alimfuata hadi jikoni, akapiga sufuria teke.

"Kata tena uone! Nitakuzika kwenye hilo tope, haki ya Mungu."

Asubuhi moja Mama Kimya aliwaacha wageni wanne nyuma ya kona, akatangulia kuchungulia. Lo! Wavu ulikuwa umeziba mkondo mzima. Korongo kumi na wawili wananing'inia, shingo zimepinda, mmoja bado anapiga bawa. Damu ikamchemka. Akachomoa kisu, akaanza kukata.

Hakusikia mtu akija. Pigo la kwanza la panga lilitua kwenye kayaki, la pili likamchana bega. Kaka akamkamata nywele, akamtumbukiza majini, akamkandamiza shingo kwa goti. Mama Kimya akapapasa filimbi kifuani. Haipo, panga limekata uzi wake, na kisu nacho kimemponyoka wavuni. Alichobaki nacho ni kafi, akalisukuma juu kwa nguvu zote ili kuzuia panga.

Nyuma ya mikoko wageni wakaona kafi limesimama. Wanafunzi wazuri hao! Wakainua darubini, mtu asikohoe. Vishindo walivisikia, wakadhani ndege wanapigana. Maskini Mama Kimya alikuwa akinywa tope huku akijua kabisa kwamba hawaji, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyewafundisha.

Kwa hasira hiyo akapiga. Kafi lilimpata kaka sikioni, akapepesuka, akaanguka chali ndani ya wavu wake mwenyewe. Kila alivyofurukuta ulizidi kumkaza, na maji yalikuwa yanajaa. Yakafika kidevuni. Na panga bado analo! Mama Kimya akamtwanga mkono mara tatu, mpaka akasikia mfupa ukivunjika na panga likazama.

Akabaki akimtazama. Kusema kweli alitaka kumwacha. Watu wangesema ni maji tu.

"Mdogo wangu," kaka akasema, maji yakimwingia mdomoni.

"Nyamaza!" akamfokea, na wageni kule nyuma wakazidi kunyamaza. Akakichomoa kisu kilichonasa wavuni, akaukata huku akilia, akamburuta kwa kola hadi kwenye mizizi ya mikoko, akamzaba kofi, akamwacha hapo akitapika.

Akarudi kwa miguu, maji kiunoni, akivuta kayaki iliyopasuka. Mgeni wa mbele, mwalimu mstaafu, alikuwa bado na darubini machoni, hajaona damu.

"Ndege gani?" akanong'ona.

"Kaka yangu," akasema Mama Kimya.