Chapa Niliyoipaka kwenye Ngamia wa Wenyewe

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, na wanaotaka niisahau watangoja sana. Nilikuwa kijana hapa Garissa, mchoraji wa mabango, mwenye brashi mbili na kiburi cha watu kumi. Mwenye hoteli moja ya chai karibu na soko la mifugo aliniita nitengeneze picha ya ukutani kwake: ngamia wakinywa maji kisimani. Aliyeichora, Mzee Gedi, alikuwa amefariki, na jua lilikuwa limeila rangi.

Nikaitengeneza. Nilipofika kwenye shingo ya ngamia wa mbele, pale penye chapa ya ukoo, sikuona kitu ila doa. Sasa wewe wajua, kwetu ngamia bila chapa ni kama mtu bila jina la baba. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Nilipaka rangi ya kahawia juu ya lile doa, kisha nikachora chapa ya ukoo wetu. Nilijiona nimewafurahisha wazee wangu, na kweli walinisifu.

Asubuhi yake akaja Habiba, binti wa Mzee Gedi, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia pale hotelini. Akatua madumu yake, akatazama.

"Abdi, hii bicha ni ya baba," alisema. Picha sisi huiita bicha, usicheke. "Hao ngamia ni wetu. Wewe umewaiba na brashi."

"Ushahidi uko wapi?" nikamjibu, na wateja wakacheka.

Hakuwa nao. Alibeba madumu yake, akahamishia biashara upande wa pili wa soko. Miaka yote iliyofuata, tukikutana njiani, alinisalimia kwa heshima, na salamu yake ilinichoma kuliko tusi.

Basi juzijuzi alikuja msichana anaitwa Sahra, mtoto wa hapa aliyesomea Nairobi kazi ya kuokoa michoro ya zamani, akitaka kuiokoa ile ya hotelini. Ana kamera inayoona mwanga ambao jicho letu halioni. Alinieleza, akiniita ami kwa lugha yetu, "Adeer, rangi nyingine hupitisha mwanga huo, lakini makaa huuzuia. Kama mchoraji alianza kwa makaa, tutaona mistari yake bila kukwaruza ukuta."

Moyo ulinilipuka. Mzee Gedi alianza kila picha kwa makaa.

Habari ikawafikia wazee wa ukoo wangu. Wakanijia nyumbani, watu wa damu yangu, na kikulacho ki nguoni mwako. Wakasema niseme ukuta umeoza, upigwe chokaa yaishe, la sivyo tutachekwa mji mzima. Mmoja akaniuliza, "Abdi, unamvua nguo nani?"

Nikamwambia ninajivua mwenyewe. Mficha uchi hazai. Nikawaambia tena, wallahi, atakayeleta chokaa pale atanipaka mimi kwanza.

Sahra akapiga picha zake, akaziunganisha kwenye kompyuta. Chini ya chapa yangu ikatokea nyingine, nyeusi: duara na mistari miwili. Nilikwenda mwenyewe kumwita Habiba, sasa bibi mwenye mkongojo. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Alisogeza uso hadi karibu na kioo cha kompyuta, akafuata mstari mmoja kwa kidole.

"Hapa mkono wake ulitetemeka," alisema. "Alikuwa ameshaanza kuugua, na alitukataza tusimwambie mtu."

Nikalia mbele yake, mwanangu, sioni haya kukwambia. Nilidhani niliiba chapa tu, kumbe nilimfunika baba yake.

Kazi ya kuiondoa niliifanya mimi. Sahra aliweka kompyuta kando yangu, akinionyesha ukomo wa rangi yangu na mwanzo wa rangi ya mzee, nami nikafuta kidogo kidogo kwa pamba na dawa. Palipokosekana rangi alijaribu kwanza kwenye kompyuta, Habiba akikubali ndipo tukagusa ukuta. Wazee wangu walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama. Mmoja hajanisalimia mpaka leo. Asinisalimie.

Sasa sikiliza. Ukipewa kazi ya mwenzio uitengeneze, uliza ilikuwaje kabla hujashika brashi, na mwenye kujua hata akiwa muuza maziwa, msikilize. Ukikosea, usingoje kamera ije kukuumbua kama mimi. Na watu wako wakikuambia ufunike uongo kwa ajili ya heshima yao, wakatalie, hata kama ndio watakaokuzika.

Allah akupe ulimi wa kusema "nilikosea" mchana kweupe, akupe na miguu ya kubaki umesimama hapo hapo watakapoanza kukuzomea. Amin.