Dakika Arobaini na Mbili za Bibi wa Jikoni

Kazi nzima ilinigharimu hivi: kinasa sauti cha mtumba, ambacho nilikishusha bei kwenye gulio la Hjulsta, pembezoni mwa Stockholm, kutoka krona mia tatu hadi mia moja na sabini, betri juu ya muuzaji, safari kumi na moja za treni, chupa mbili za chai, moja ikavunjikia kituoni, na dakika arobaini na mbili. Hayo mengine nimeyasamehe. Dakika arobaini na mbili sijazisamehe, na nimezihesabu mara mbili kabla ya kukwambia.

Juzi nilirudi kule kwenye kambi yetu ya likizo ya utotoni, rafiki yangu. Ile nyumba ndefu nyekundu kando ya ziwa siku hizi ni hoteli ya mikutano. Palipokuwa na jiko sasa kuna chumba cha mvuke, watu wanalipa ili watoke jasho, jambo ambalo sisi tulifanyiwa bure. Mama wa mapokezi aliniuliza kwa adabu kama nimeweka nafasi. Nikamwambia natafuta mahali pa kumenyea viazi. Akaniambia mgahawa unafunguliwa saa sita.

Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, shule zikifungwa jumuiya yetu ilipanga nyumba ile kwa wiki mbili. Tulikuja na mifuko yetu ya kulalia kutoka Hjulsta, Sundbyberg na Södertälje, watoto ishirini na sita, ishirini na saba ukimhesabu yule aliyerudishwa kwao kila mwaka kwa kulia. Wazazi walikuwa Warundi, Watanzania, Wakongo. Kiswahili kilikuwa benchi ambalo wote waliweza kulikalia. Sisi watoto tulisimama pembeni ya benchi hilo. Tulisemeshwa Kiswahili, tukajibu Kiswidi, na mama yangu alikuwa akinitazama kama mtu aliyempigia mwanawe simu akapokea mgeni.

Ndipo Mwalimu akatunga sheria. Kwao alikuwa mwalimu kweli. Hapa Stockholm alikuwa anasafisha maofisi, ukalimani ulimjia baadaye. Wiki mbili za kambi zilikuwa wiki zake pekee za kuitwa kwa cheo chake, na alizitumia zote. Sheria yenyewe: mezani ni Kiswahili tu. Ukitoa neno moja la Kiswidi, unakwenda jikoni kumenya viazi.

Matokeo yake, meza ikawa kama matanga. Watoto ishirini na sita tukila kimya, chumvi tukiionyesha kwa kidevu. Mwalimu alipita nyuma yetu, mikono mgongoni, akaridhika. Hakusikia Kiswidi. Kwamba hakusikia Kiswahili pia, hilo hakulihesabu.

Aliyepata hasara ni bibi mpishi. Alikuwa mtu wa Bujumbura, mwembamba, kitenge juu ya sweta hata jua likiwaka, na alikuwa na magunia mawili ya viazi na mikono miwili. Wamenyaji walioahidiwa hawakuja, maana hakuna aliyefungua mdomo. Basi siku ya tatu akatoka na sufuria, akasimama nyuma yangu, akainua kiazi kimoja taratibu kama mtu aliyeokota kitu asichokijua.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiki, huko shuleni kwenu, mnakiitaje?"

"Potatis," nikamjibu, kwa heshima zote.

"Ehee. Njoo basi, uniletee na mkono wako."

Wiki ile alinikamata kwa kiazi, kwa kijiko na kwa mbu. Alijua siku hiyo anahitaji watoto wangapi. Siku ya maharage aliuliza wawili, siku ya viazi aliuliza sita.

Na jikoni kule, rafiki yangu, ndiko nilikojifunza kusema. Tulikaa kwenye benchi, beseni la maji baridi katikati, kitunguu kinalia kwenye mawese, dirisha limejaa ziwa na mbu. Macho yako kwenye kisu, hakuna anayekutazama mdomo. Anauliza, unajibu, ukikosea anakurudishia neno likiwa zima, bila kusimamisha hadithi. Alitusimulia soko la kwao, barabara walizopita kwa miguu, mume aliyekuwa anakoroma hata nyimbo za kanisani zikiimbwa. Ukimenya ganda nene alilichukua, akalipima kwa vidole viwili, akalirudisha kwenye beseni lako. "Ganda nene ni chakula cha jirani," alisema. Kiangazi cha tatu tukawa tunasema Kiswidi mezani makusudi, tukigombania kufukuzwa. Mwalimu alihuzunika, akidhani sheria yake inakufa.

Nilipokuwa mtu mzima, bibi akiwa keshahamia kwenye nyumba ya wazee Södertälje, nikaona nikusanye sauti kabla hazijatawanyika. Nilirekodi watu kumi. Hujawahi kurekodi watu wetu, kwa hiyo nikuambie: hakuna anayeanza kabla hajasalimia. Mama yangu alitumia nusu ya muda wake kutuma salamu kwa watu waliokuwa chumba cha pili. Bibi alisalimu dakika nne kamili. Kisha nikamwekea beseni na viazi mbele yake, na hapo akaanza. Dakika arobaini na mbili, maji yakisikika, kisu kikisikika. Alikiri yote. "Mwalimu alileta sheria," alisema, "mimi nilitaka wamenyaji. Sasa ningefanya nini na watoto mabubu?" Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Wiki tatu baadaye kiharusi kilimpata. Alipona, ila maneno hayakurudi. Hata moja.

Mwalimu, sasa mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa anaandaa sherehe ya kumbukumbu ya kambi kwenye ukumbi wa Sundbyberg. Akaniomba kinasa sauti asafishe sauti. Nikampa. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, sikunakili hata mara moja. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimemwamkia tangu utotoni.

Ukumbini watu mia, pilau, bendera. Ikafika zamu ya bibi. Dakika nne za salamu, kisha "asanteni," kisha kwaya. Nilisubiri. Kwaya ikaendelea. Nikamfuata Mwalimu kwenye birika la kahawa.

"Shikamoo, Mwalimu. Bibi yuko wapi?"

"Marahaba. Si umemsikia?"

"Nimesikia salamu. Viazi viko wapi?"

Akanivuta penye makoti. "Mwanangu, tumeomba ruzuku manispaa. Wanataka nakala ya rekodi zote, waziweke maktaba. Sasa wasikie watoto walipewa visu kwa kosa la kusema Kiswidi? Ustawi wa jamii, wale wanaochukua watoto wa watu, watatuita. Wale hawasahau faili."

"Kwa hiyo umekata."

"Nimefuta. Ukikata, kinabaki kipande mahali."

"Nani pale manispaa anajua Kiswahili?"

Akafikiri. "Wanaweza kuita mkalimani."

"Mkalimani wao wa Kiswahili ni wewe, Mwalimu."

Akakoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari wala maziwa.

Najua hofu yake ilikotoka. Tumekulia ndani yake. Nyumbani kwetu mtoto akianguka kwenye ngazi, mama aliuliza kwanza kama jirani ameona. Lakini hofu ina bei, na aliyelipa si yeye. Ruzuku ilipatikana. Rekodi ziko maktaba, hakuna aliyeziazima. Nimeuliza, nikauliza tena. Na kwenye karatasi ya sherehe imeandikwa kwamba sheria ya mezani ndiyo iliyotufundisha lugha.

Kila Jumapili naenda Södertälje na viazi kilo moja. Muuguzi hataki kisu, ametupatia kimenyeo cha plastiki. Namenya, nazungumza, bibi anatazama dirishani. Nikimenya nene anachukua ganda, analipima kwa vidole viwili, analirudisha kwenye beseni langu. Mdomo wake unajiandaa kusema kitu kuhusu jirani, kisha unafunga. Nikirudi kwenye treni huwa siwezi kukaa. Nasimama mlangoni mpaka Stockholm.

Kambi imeuzwa, sawa. Magunia, mawese, ziwa dirishani, vyote vimekwenda kama vitu vinavyokwenda. Hiki hakikwenda. Hiki kilifutwa na mtu mwenye miwani, akiwa ameketi.

Ila nimepiga hesabu upya. Sasa nasema nawe, Mwalimu: ili kujua cha kufuta, ilikubidi usikilize. Duniani ni wewe na mimi tu tuliosikia dakika zile, na wewe ndiye mwenye sikio lililosomea kazi hiyo. Basi nilipe. Njoo Jumapili Södertälje, ukae kwenye kiti cha mbele ya bibi, umenye, usimulie kwenye kinasa sauti changu kila alichosema, pamoja na alipokusema wewe. Yeye atakuwepo, ukikosea atakurudishia ganda. Nakudai arobaini na mbili. Salamu sitazihesabu.