Nilipanda mahindi kabla ya mama mkwe, nusura ninyang'anywe mtoto: ugeni wangu Nyatike miaka ya sitini

Wakuu, na wajukuu mliomo humu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari zenu.

Mimi ni bibi. Shule niliacha darasa la tatu, na haya naandika kwa kidole kimoja. Msinisahihishe. Naeleza yaliyonipata, bila chumvi, na aliyebaki hai wa kunikanusha ni mmoja tu, naye haoni vizuri.

Nimesoma nyuzi zenu za ughaibuni. Mmoja analia baridi, mwingine analia upweke, mwingine eti majirani hawamsalimii. Sikatai. Lakini ughaibuni si lazima upande ndege. Mimi wangu ulikuwa ng'ambo ya ziwa tu, maji yaleyale, samaki walewale, na umenichosha miaka yote hii.

Mimi ni wa Ukerewe, Tanganyika. Mume wangu Odhiambo alikuwa seremala, alikuja kwetu kutengeneza mitumbwi, akanioa, akanileta kwao Nyatike, karibu na Sori. Kenya ilikuwa ndiyo imepata uhuru juzijuzi.

Akanikabidhi kwa mama yake, akaenda Homa Bay kufanya kazi gatini. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, anakula, analala, anaondoka. Wanaume wa siku zile walidhani mke ni mzigo, ukishautua umeutua.

Mama mkwe wote walimwita Min Omondi, yaani mama yake Omondi, kwa sababu Omondi ndiye mwanawe wa kwanza. Mwanamke mrefu, hana maneno. Kiswahili chake kilitosha kununua chumvi. Kijaluo changu kilikuwa hakitoshi hata hiyo chumvi.

Mke wa Omondi aliitwa Akoth. Huyo Kiswahili cha sokoni alikuwa nacho, na ndiye aliyenitafsiria dunia. Alipotaka.

Mimi hawakuniita jina. Waliniita jadak. Maana yake mtu wa kuja, anayekaa kwenye ardhi ya wenyewe.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Mvua ikaanza. Ardhi ya Nyatike ni nyeusi, ikilowa inashika jembe kama gundi, kwa hiyo ukichelewa umeumia. Nikangoja niwaone wenzangu wanatoka na mbegu. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu Akoth amekaa anasuka nywele.

Kwetu Ukerewe mashamba ni madogo na watu ni wengi. Mwanamke anayeacha mvua ipite anasemwa mpaka kwa wazazi wake. Nikasema moyoni, hawa watu ni wavivu. Nikamfunga mwanangu Anyango mgongoni, alikuwa na miezi minane, nikaingia kwenye kipande nilichopewa. Nikapanda chote. Saa nne nilikuwa nimemaliza, najiona shujaa.

Akoth akapita akienda kuchota maji, akasimama.

"Wewe nafanya nini?"

"Napanda. Nyinyi mnangoja nini?"

Akaweka mtungi chini. "Mama bado panda. Wewe napanda mbele ya mama?"

Nikamwambia mama alale tu, shamba lake nitamsaidia kesho. Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kaburi.

Nilikuja kueleweshwa baadaye. Pale mbegu ya kwanza ni ya mama mwenye boma, na mzee wake awe nyumbani. Halafu mke wa mwana mkubwa. Halafu wanaofuata, mpaka wa mwisho, na wa mwisho nilikuwa mimi. Ukiruka foleni hiyo unaleta chira, mkosi wa kukondesha watu, na unaanzia kwa watoto.

Mzee hakuwepo. Alikuwa Homa Bay kwa mume wangu, anatibiwa kidonda cha mguu. Boma lote lilikuwa linamngoja yeye. Hakuna aliyeniambia. Odhiambo alidhani nitajua tu kwa kuona.

Jioni Omondi akaita watu. Akasema kwa Kiswahili, makusudi nisikie:

"Jadak arudi kwao. Mtoto ni wa hapa, anabaki."

Msimchukie haraka. Yeye na Akoth walikuwa wamezika watoto wawili, na Akoth alikuwa na mimba nyingine. Mtu huyo hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu.

Lakini Anyango alikuwa wangu.

Alfajiri nikamfunga mgongoni, nikatembea mpaka Sori, nikapata lori la pamba. Safari ile sitaki kuikumbuka. Tulikwama tope mara mbili kabla ya Ndhiwa. Wanaume wakashuka kusukuma, nami nikashuka kusukuma, mtoto mgongoni. Tukalala njiani juu ya magunia. Kesho yake nikaingia Homa Bay nimejaa matope mpaka kwenye nyusi.

Odhiambo aliponisikiliza, akachukua randa akaanza kulainisha ubao. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Nimeishi naye miaka arobaini baada ya hapo, Mungu amrehemu, na jibu lile sijalisamehe.

Aliyesema ni mzee. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa bandeji.

"Ulipanda mistari mingapi?"

"Shamba lote, baba."

"Peke yako?"

"Na mtoto mgongoni."

Akacheka mpaka akashika mguu kwa maumivu. "Sasa huyo ndiyo wanataka kufukuza?" Halafu akaacha kucheka. "Lakini umekosa, mama. Umekosa sana. Nipe fimbo."

Tukarudi naye, mguu unanuka dawa. Odhiambo alibaki, eti kazi.

Mzee akakaa na Omondi, wakasema, wakasema. Uamuzi ukatoka hivi: nichimbue kila mbegu kabla mama hajapanda. Zikitoka zote, kosa limefutwa, nabaki. Ikibaki hata moja ikaota, Omondi apewe neno lake. Niende, mtoto abaki.

Zilikuwa na siku tano ardhini. Zimeshachipua. Nilichimba kwa vidole toka asubuhi, natia kwenye kibuyu. Kucha mbili ziling'oka.

Mchana nikaona kivuli. Min Omondi amepiga magoti mstari wa pili, anachimba. Hakunisalimia. Tulichimba mpaka jua likaingia ziwani.

Kesho yake akapanda yeye. Kisha Akoth. Kisha wengine. Mimi nikapanda wa mwisho, na mvua imeshapungua.

Baada ya wiki mbili hivi nikaenda kupalilia. Katikati ya shamba langu, mhindi mmoja umesimama. Umezidi yote ya boma, hata ya mama, kwa kiganja kizima.

Wakuu, ilikuwa mbegu ya kwanza, imetuponyoka. Nikainama niung'oe.

Mkono ukanishika. Min Omondi.

Na nyuma yake Omondi anakuja na jembe begani. Akausimamia ule mhindi. Akaniangalia. Akauliza mama yake kitu, sauti ya chini, na kidole kinaonyesha.

Mama akajibu, "An ema ne akomo."

Sikujua Kijaluo, lakini hilo nilielewa. Alikuwa anasema: Ni mimi niliyepanda.

Omondi alijua. Mtu mzima, anajua mama yake hapandi katikati ya shamba la mkaza mwana. Akahamishia jembe bega la pili. Halafu akapita.

Mama akanigeukia, kwa Kiswahili chake cha chumvi: "Nyar Ukerewe, palilia."

Nyar Ukerewe. Binti wa Ukerewe. Ndivyo wanavyowaita wake wa boma, kwa kwao walikotoka. Lilikuwa jina langu la kwanza pale.

Akoth alijifungua salama, kama mnataka kujua. Ndiye yule niliyesema haoni vizuri, Akoth. Tunakula naye mpaka leo.

Ule mhindi ulipokomaa mama aliuvunja mwenyewe, akauchoma, akala mistari miwili akiwa amesimama. Alipohakikisha yeye ndiye ameonja kwanza, akanipa uliobaki. Nikala mpaka gunzi.

Funzo langu ni fupi. Ukiwa kwa watu ukawaona wamekaa na mvua inanyesha, usiwaite wavivu. Uliza wanangoja nani. Na wewe uliyemleta mgeni kwenu, mwambie mambo ya kwenu. Usichukue randa.

Nikienda Ukerewe sasa wananiita Mjaluo. Huku bado mimi ni wa Tanzania. Nimechoka kueleza, nimeandika hapa ili nisieleze tena.

Mlioolewa mbali na kwenu, nani alisema uongo kwa ajili yako ukabaki? Niandikieni hapo chini, nitasoma polepole. Wa matusi nao waje, ila waanze na shikamoo.