Fundi wa Nguo na Mguu Uliovimba

Zahanati yetu ya Malaba haikuwa na mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wala tepe ya kupimia. Tepe tuliyokuwa nayo ililiwa na panya, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inazungushwa ofisini.

Ndipo akaingia dereva wa lori, siku ya nne kwenye foleni ya mpaka, anakula na kulala kwenye kiti kilekile. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na una joto, na muuza chai alikuwa ameukanda kwa mafuta moto. Nilikasirika. Kama damu ilikuwa imeganda ndani, kukanda kungeweza kung'oa donge, nalo likipanda mapafuni dereva angekufa. Nilimweleza dereva hivyo hivyo, bila kumficha.

Nikamwita fundi wa nguo jirani, mama asiyemwazima mtu tepe yake hata kwa maombi. Akaja nayo mwenyewe, shingoni. Nikamwonyesha pa kupima, chini ya goti, miguu yote miwili, nione tofauti.

"Huu, sentimita thelathini na tisa," akasema. Akahamia wa pili. "Thelathini na tisa."

Dereva akateremka kitandani akichechemea. "Si nilikuambia ni uchovu tu, daktari? Wacha niende, laini inasonga!"

Nilikuwa nimeshaandika. Namba zilisema mzima, macho yangu yakakataa. Nikampokonya mama tepe, akapiga kelele kama nimempora mkoba. Nikapima mwenyewe: mguu wa kulia ulikuwa thelathini na nne.

"Mama, huu umepima ama umebuni?"

"Daktari, mtu akiwa na mguu moja kubwa, mi huandika ile kubwa mara mbili. Unataka nimshonee suruali ya kumwaibisha?"

"Nani amekuambia anashonewa suruali?" Nilifoka mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia mlangoni.

Dereva akauliza kwa upole kama hilo donge huvuka bila kugongewa stampu. Nikacheka, kisha nikaona aibu, maana nilibakiza kidogo nimwachilie akafie kwenye usukani. Nikamdunga sindano ya tumboni, ya kuzuia damu isizidi kuganda, nikamtuma Busia mjini kupigwa picha, amelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi.

Saa tisa alasiri mpiga picha wa hospitali ya Busia akanipigia simu.

"Imeganda mpaka kwa paja. Na sindano ulidunga kabla ya picha. Ulijuaje?"

"Sikujua," nikamwambia. "Niliogopa."