Mashine Inataka Mzigo

Siku niliyomwona Sulaiti mara ya kwanza, alikuwa amechuchumaa nyuma ya ghala moja pale Malaba, kidole chake kimo ndani ya bomba la moshi la jenereta. Alikitoa kimepakwa uji mweusi, mzito, unaovutika kama kamasi. Akaunusa. Akatema mate, kisha akakipangusa kidole kwenye ukuta wa mwenye ghala, uliokuwa umepakwa chokaa wiki ile ile.

"Inatapika," alimwambia mwenye ghala. "Na wewe unakula chakula humu ndani na hii?"

Ilikuwa mwaka 1976. Nilikuwa nimefuatana na mwajiri wangu, Mama Syprose, mfanyabiashara wa samaki wa Busia. Alikuwa amejenga chumba cha barafu nyuma ya soko cha kuwekea samaki wa Sio Port, na nguzo za umeme hazikuwa zimefika upande wetu. Alihitaji mashine ya kuunguruma mchana na usiku bila kuzimwa, na kazi ya kuiangalia ingekuwa yangu. Watu walikuwa wamemwambia asinunue kabla ya kumwuliza Sulaiti.

Alikuwa mwanamume mwembamba, Mwislamu aliyevuka kutoka Uganda miaka michache nyuma na mkewe Aidah. Kila mwanamume yeye alimwita "sebo", yaani bwana kwa Kiganda. Hakuwa na duka wala kibao. Mwenye kinu alimtaja kwa mwenye baa, na mwenye baa akamtaja kwa mwingine, hivyo ndivyo alivyopata kula. Mwaka huo misheni moja karibu na Funyula ilikuwa inatafuta fundi wa kudumu wa mashine ya zahanati yake, kwa mshahara na nyumba ya mabati. Walimwambia wangemwuliza Mama Syprose kwanza, waone mashine yake inakwendaje. Aidah alikuwa ameanza kufunga vyombo.

Sijapata kuona mtu mwenye kinyaa kama yule, na kazi yenyewe ilikuwa chafu. Madereva wa malori waliokwama mpakani walikuwa wakimwaga oili iliyotumika na kuiuza kwa debe. Watu waliiacha itulie, wakachota ya juu, wakaitia kwenye jenereta zao. Sulaiti aliiita kinyesi cha lori. Akiiona alishika tumbo. Lakini mikono yake ilikuwa ndani ya uchafu huo kutwa, na kila baada ya kazi alijisugua kwa mchanga na sabuni ya mche hadi ngozi ikachubuka.

Siku ile Malaba alimwuliza Mama Syprose, "Una taa ngapi, mama?"

"Nane."

"Na mota ya barafu moja. Mota ikiamka inameza mara tatu ya inavyomeza ikishaamka. Tunapima kwa kuamka kwake." Akahesabu kwa vidole, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kijani, ya wastani. "Hii."

Mama Syprose akacheka. "Hii si ya cherehani? Okal wa bucha ana kubwa kuliko hii!"

"Okal anauza nyama au anauza mashine?"

"Wewe chagua vyuma, fundi. Heshima yangu nachagua mwenyewe."

Akanunua ile kubwa kuliko zote. Wanaume sita waliipakia garini, mmoja akaumia mguu. Sulaiti alitazama kando kama mtu anayeona mwenzake akila nzi.

Hata hivyo alikuja Busia kunifundisha. Kila asubuhi nifungue koki ya chini ya tangi nitoe maji. Nisugue oili kati ya vidole, ikikwaruza nimwage yote. Kichujio cha hewa nikikung'ute, maana vumbi la Busia linakula chuma. Niliyafanya yote. Baada ya miezi mitatu, bomba la moshi likaanza kudondosha ule uji mweusi. Ulitiririka ukutani ukatengeneza dimbwi, na kuku wa jirani walikanyaga humo wakaingia sokoni na miguu myeusi.

Sulaiti alipouona, alifunga pua.

"Hii mashine inafanya kazi ya mtoto," alisema. "Haipati joto, ndiyo maana inatapika. Inataka mzigo. Iongezeeni mzigo, sebo, la sivyo itakufa."

Gari la abiria la kwenda Funyula lilikuwa linapiga honi, akaondoka mbio. Mama Syprose alikuwepo, na wachuuzi wake wawili. Sikuelewa vizuri, lakini sikupenda kuuliza mbele ya watu. Mimi ni mtu wa shule ya msingi tu, na nikichekwa sisahau.

Kesho yake nilibeba magunia manne ya chumvi ya samaki, nikayapanga juu ya jenereta. Ikaacha kutetemeka. Nilifurahi sana.

Chumvi hunyonya unyevu, halafu hutoa jasho. Jasho lile lilidondoka polepole kwenye matundu ya hewa, likaingia kwenye nyaya za shaba. Siku ya tano palitoka mlio kama wa kiboko kinachochapa, moshi, na kimya.

Sulaiti alikuwa Funyula, na hadi habari zimfikie zilipita siku tatu. Chumba cha barafu kikawa chumba cha usaha. Samaki wale, ngege, walivimba, wakapasuka matumbo. Niliwatoa kwa karai kichwani, maji ya kijani yakinitiririka shingoni hadi ndani ya shati, funza wakitembea sikioni.

Sulaiti alirudi siku ile ile aliyofika Ochuodho, karani wa misheni, aliyekuja kumwuliza Mama Syprose habari za fundi. Sulaiti aliingia kwenye kibanda cha mashine, akayaona magunia. Akatoka, akatapika.

Mama Syprose alimngoja atapike amalize.

"Ulisema tuongeze mzigo, au hukusema?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Mzigo wa umeme, mama! Taa. Pasi. Friji ya jirani."

"Taa ni mzigo? Taa ina kilo ngapi?"

"Ipandishwe juu ya punda!" mchuuzi mmoja akasema, na soko zima likacheka.

"Nani aliyapanga haya magunia?" Ochuodho akauliza, leso puani.

Nikasema, "Ni mimi. Sikumwuliza." Lakini nilisema chini ya karai, kwa sauti yangu hii ndogo, na Mama Syprose alikuwa akipiga kelele juu ya samaki wake. Ochuodho hakungoja. Alikuwa amekwisha geukia gari lake.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Funyula kwa miguu yangu, nikaomba kumwona Ochuodho. Walikuwa wamekwisha ajiri mwingine. Sulaiti na Aidah, nikasikia, walihamia Kisumu.

Lakini siku ile ile ya magunia, Sulaiti alichukua mfuko wake wa spana akaelekea barabarani bila kunawa. Nilimfuata. Nikamwambia, "Mzee Sulaiti, nitawaeleza. Wallahi, nitakwenda mwenyewe niwaeleze."

Alisimama. Akanitazama shati, kutoka kola hadi chini.

"Usinisindikize, sebo," alisema. "Unanuka."