Profesa wa Mwaka wa Kwanza

Mama Kwa Nini alipopandishwa cheo kuwa profesa wa hisabati, mkuu wa idara alimwita ofisini.

"Mama, sasa wa mwaka wa kwanza waachie wasaidizi. Wewe ni mtu mkubwa."

"Kwani fundi akishaiva, unamtoa kwenye msingi akapake rangi?"

Mkuu akacheka, akasalimu amri. Basi Mama Kwa Nini, kama wanafunzi walivyomwita kwa maswali yake, akaendelea kuwafundisha wageni wa chuo, mikono imejaa chaki. Utafiti wake ulibaki kiporo, na hilo lilimuuma hasa.

Siku ya mwisho kabla ya kustaafu, muda wa kipindi ukiwa umekwisha, binti mmoja wa viti vya nyuma alisema, "Mwalimu, hapo umeniacha."

Mama akafuta ubao mzima, akaanza upya, taratibu. Hakuna aliyetoka.